Viumbe wa Trisolaris na kitendawili cha mawasiliano kati ya nyota

WAKATI ujumbe mfupi wa simu unaotumwa kutoka Dar es Salaam hufika Beijing kabla mtumaji hajairudisha simu mfukoni, ujumbe unaotumwa kwa nyota iliyo jirani kabisa na Jua letu huhitaji zaidi ya miaka minne kufika, na jibu lake huhitaji miaka mingine kama hiyo kurudi.

Ni pengo hilo ambalo mwandishi wa riwaya wa China, Liu Cixin, alijaribu kuliziba kwa kalamu alipobuni viumbe wa sayari ya Trisolaris, taifa la kubuni lenye uwezo wa kusafiri kati ya nyota na lenye mitambo ya mawasiliano inayomshinda binadamu kwa mbali.

Liu, ambaye aliwahi kuwa mhandisi wa kompyuta katika kituo cha kuzalisha umeme mkoani Shanxi, alianza kuichapa hadithi hiyo kwa mfululizo katika jarida la China mwaka 2006. Ilitoka kama kitabu mwaka 2008, na tafsiri yake ya Kiingereza, The Three-Body Problem, ilitolewa mwaka 2014.

Mwaka 2015 kitabu hicho kilipata tuzo ya Hugo, na kuwa riwaya ya kwanza iliyotafsiriwa kutoka lugha nyingine kuinyakua tuzo hiyo. Machi 2024 kampuni ya Netflix ilianza kuionyesha kama tamthilia, na tangu hapo wengi ambao hawakukisoma kitabu wamekuwa wakijiuliza swali moja: je, mambo yale yanawezekana?

Jibu ni kwamba baadhi yanawezekana, baadhi yanakaribia kuwezekana, na lile lililo kubwa kuliko yote haliwezekani kabisa kwa kadiri ya elimu iliyopo. Kujua lipi ni lipi kuna faida, kwa sababu nyuma ya hadithi hiyo kuna uamuzi wa kweli ambao watu wachache wamekwisha kuufanya kwa niaba ya wakazi wote wa dunia.

Jua kama kipaza sauti

Katika riwaya, Watrisolari wanaishi katika sayari yenye jua tatu, kwenye mfumo wa nyota wa Alpha Centauri. Jua hizo huvutana bila utaratibu unaotabirika, hivyo sayari yao mara huungua, mara huganda, na wenyeji wake wanatafuta mahali pa kuhamia.

Mawasiliano yanaanzia duniani. Ye Wenjie, mtaalamu wa fizikia ya nyota ambaye baba yake aliuawa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni nchini China, anafanya kazi katika kambi ya siri ya kijeshi. Huko anagundua kwamba mawimbi ya redio yakielekezwa kwenye Jua hurudishwa yakiwa na nguvu mara nyingi zaidi, na kwa njia hiyo anatuma ujumbe unaofika Trisolaris.

Jibu linarudi baada ya miaka minane na ushei. Hapo mwandishi aliiheshimu sayansi, kwani mawimbi ya redio huenda kwa mwendo wa mwanga, yaani kilomita 299,792 kwa sekunde, na mfumo wa Alpha Centauri uko umbali wa zaidi kidogo ya miaka minne ya mwendo huo. Minne ya kwenda na minne ya kurudi ni minane.

Lakini Jua halikuzi mawimbi ya redio namna hiyo. Hilo ni jambo la kubuni.

Pamoja na hayo, uongo huo una ndugu yake wa kweli. Mvutano wa Jua hupinda mwanga na mawimbi ya redio yanayopita kando yake, na kuyakusanya kama lenzi ikusanyavyo miale. Albert Einstein aliandika kuhusu lenzi ya aina hiyo ya nyota mwaka 1936, na mwaka 1979 mtaalamu wa Marekani, Von Eshleman, alipendekeza Jua litumike hivyo kwa mawasiliano ya mbali.

Kikwazo ni umbali. Mahali ambapo miale hiyo huanza kukutana ni mara 550 ya umbali uliopo kati ya Dunia na Jua, sawa na takriban kilomita bilioni 82. Chombo kilichokwenda mbali kuliko vyote vilivyoundwa na binadamu, Voyager 1, hakijafikisha hata theluthi moja ya safari hiyo.

Sauti ya wati 23

Voyager 1 ndicho kipimo bora cha uwezo wa binadamu hadi sasa. Kilirushwa Septemba 5, 1977, na sasa kiko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka duniani. Redio yake hutumia takriban wati 23, nguvu inayolingana na ya taa ndogo iliyomo ndani ya jokofu.

Mawimbi ya redio hudhoofika kwa kanuni kali. Umbali ukizidi mara mbili, nguvu inayopokewa hushuka hadi robo; ukizidi mara kumi, hushuka hadi sehemu moja ya mia. Ndiyo maana Shirika la Anga la Marekani, NASA, linategemea antena kubwa, nyingine zenye upana wa mita 70, zilizowekwa California, Madrid na Canberra ili Dunia inapozunguka, moja ichukue zamu inapoishia nyingine.

Kwa antena hizo, Voyager 1 hupeleka nyumbani biti 160 kwa sekunde. Picha moja ya kawaida ya simu ya mkononi ingechukua saa nyingi kufika kwa kasi hiyo.

Ugumu wenyewe ulionekana Julai 2023, pale amri yenye kasoro ilipokisababisha chombo pacha, Voyager 2, kuigeuza antena yake nyuzi mbili tu kando ya Dunia. Nyuzi hizo mbili zilitosha kukata mawasiliano yote.

Wahandisi waliamua kutuma amri ya marekebisho kwa nguvu kubwa kutoka Canberra, mfano wa mtu anayepiga kelele kumwita aliyempa kisogo. Amri ilichukua saa 18 na nusu kufika, na wahandisi walingoja jumla ya saa 37 kujua kama imesikika. Agosti 4, 2023, chombo kilijibu.

Hali ni hiyo hiyo hata kwa jirani wa karibu. Ujumbe wa kwenda sayari ya Mars huchukua kati ya dakika 3 na 22, kutegemea mahali sayari hizo mbili zilipo. Chombo Perseverance kilipotua huko Februari 18, 2021, mawimbi yalihitaji zaidi ya dakika 11 kufika duniani, ilhali kutua kwenyewe kulichukua dakika saba.

Maana yake, habari kwamba chombo kimeanza kuingia katika anga ya Mars zilipofika, chombo chenyewe kilikuwa kimekwisha gusa ardhi. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kukisaidia. Kilibidi kijiamulie chenyewe.

Hatua zinapigwa, hata hivyo. Desemba 11, 2023, chombo Psyche kilituma video kwa miale ya leza kutoka umbali wa kilomita milioni 31, kwa kasi ya megabiti 267 kwa sekunde, na ikafika kwa sekunde 101. Leza husafirisha habari nyingi zaidi kuliko redio, lakini haiendi kasi kuliko redio. Barabara imepanuliwa, mwendo umebaki ule ule.

Sofoni, mjumbe asiyengoja

Hapo ndipo Watrisolari wanapoachana na binadamu. Katika riwaya, meli zao za kivita zinahitaji zaidi ya miaka 400 kufika duniani. Kwa kuhofia kwamba katika muda huo binadamu watapiga hatua na kuwashinda, wanaunda kifaa kiitwacho sofoni.

Sofoni ni protoni moja, chembe iliyo ndani ya kiini cha atomu. Watrisolari wanaikunjua mpaka inakuwa utando mkubwa wa kuweza kuifunika sayari, wanachora juu yake saketi za kompyuta, kisha wanaikunja tena hadi udogo wake wa awali na kuirusha kwa mwendo unaokaribia ule wa mwanga.

Zikishafika duniani, sofoni hizo zinasikiliza kila mazungumzo, zinasoma kila waraka na kuvuruga majaribio ya fizikia. Kila moja imefungamana na mwenzake aliyebaki Trisolaris, na kwa ufungamano huo habari hupita papo hapo bila kungoja hata sekunde.

Kufungamana kwa chembe si ndoto. Ni jambo lililopimwa maabara mara nyingi, na mwaka 2022 Alain Aspect wa Ufaransa, John Clauser wa Marekani na Anton Zeilinger wa Austria walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa majaribio yao katika uwanja huo. Mwaka 2016 China ilirusha satelaiti Micius, ambayo baadaye ilipeleka chembe zilizofungamana kwenye vituo viwili vilivyoachana kwa zaidi ya kilomita 1,200.

Swali linalojitokeza ni hili: kama chembe zinaweza kufungamana kwa umbali huo, kwa nini zisitumike kama simu?

Mfano wa pacha wawili unaweza kusaidia. Mmoja yuko Dar es Salaam, mwingine Beijing, na kila mmoja ana sarafu. Wakirusha kwa wakati mmoja, wa Dar es Salaam akipata kichwa, wa Beijing hupata mwenge, na kinyume chake, bila kukosea hata mara moja.

Jambo hilo ni la ajabu, lakini hakuna kati yao anayeweza kuchagua sarafu yake iangukie upande gani. Aliyeko Beijing anaona vichwa na mienge visivyo na mpangilio, na hawezi kujua kama mwenzake amekwisha kurusha au bado. Ni mpaka wapigiane simu na kulinganisha matokeo ndipo watakapoiona siri hiyo, na simu yenyewe haiwezi kwenda kasi kuliko mwanga.

Kwa sababu hiyo, wanafizikia wanakubaliana kwamba ufungamano hauwezi kupeleka habari kwa kasi inayozidi ya mwanga. Matumizi yake halisi ni mengine, hasa kutengeneza funguo za kulinda siri ambazo haziwezi kudukuliwa bila mwenyewe kutambua.

Mtu akiuliza kwa nini Liu aliivunja kanuni hiyo, jibu liko kwenye hadithi yenyewe. Bila sofoni, kila swali la kamanda wa Trisolaris lingesubiri miaka minane kujibiwa, na wahusika wa kibinadamu wangezeeka kati ya sentensi moja na nyingine.

Ndugu wa nyutrino na mawimbi ya mvutano

Katika kitabu cha tatu cha mfululizo huo, kilichotoka mwaka 2010, binadamu wanajenga mitambo ya kutangaza kwa mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga lenyewe. Wakati huo hakuna aliyekuwa amewahi kuyanasa moja kwa moja.

Miaka mitano baadaye, Septemba 14, 2015, mitambo ya LIGO nchini Marekani iliyanasa kwa mara ya kwanza. Yalitokana na mashimo meusi mawili yaliyogongana umbali wa zaidi ya miaka bilioni moja ya mwendo wa mwanga. Kuyasikia kumewezekana; kuyatuma hakujawezekana, kwani yanadai vitu vyenye uzito wa nyota.

Nyutrino, chembe zinazopenya karibu kila kitu, nazo zimejaribiwa. Mwaka 2012 watafiti katika maabara ya Fermilab, Marekani, waliripoti kutuma neno moja kwa nyutrino kupitia mwamba wa mita 240. Kasi ilikuwa sehemu moja ya kumi ya biti kwa sekunde, ambapo herufi moja huchukua takriban dakika nzima.

Taifa lisilojua uongo

Teknolojia ya Watrisolari inayowagusa zaidi wasomaji, hata hivyo, si mtambo. Ni miili yao.

Viumbe hao hawana haja ya mdomo. Fikra zao hutoka nje kama mawimbi ambayo mwenzao huyaona, hivyo kwao kufikiri na kusema ni kitu kimoja. Hakuna awezaye kuficha nia, na kwa hiyo hawajui kudanganya.

Waswahili husema siri ya mtungi aijuaye kata. Kwa Watrisolari, mtungi ni wa kioo, na kila apitaye anaona kilichomo. Wanapokuja kutambua kwamba binadamu anaweza kusema hili huku akiwaza lile, wanaingiwa na hofu.

Binadamu nao wanaigeuza kasoro hiyo kuwa silaha. Katika kitabu cha pili wanateuliwa watu wanne kupanga vita ndani ya vichwa vyao tu bila kumweleza yeyote, kwa kuwa sofoni husikia kila neno na kusoma kila andiko, lakini haiwezi kuingia ndani ya fikra. Mtandao wa upelelezi ulio kamili kuliko wowote unashindwa na mtu aliyenyamaza.

Kusikiliza au kuita?

Binadamu alianza kusikiliza rasmi mwaka 1960, pale mtaalamu wa falaki Frank Drake alipoelekeza antena ya Green Bank, Marekani, kwenye nyota mbili za jirani. Hakupata kitu. Kazi hiyo imeendelea kwa vyombo vikubwa zaidi, ikiwamo darubini ya redio ya MeerKAT ya Afrika Kusini yenye antena 64, iliyozinduliwa mwaka 2018.

Mwaka 2019 antena ya Parkes nchini Australia ilinasa wimbi lililoonekana kutoka upande wa Proxima Centauri, nyota ya mfumo ule ule ambao Liu aliwaweka Watrisolari wake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulihitimisha kwamba wimbi hilo lilitokana na mitambo ya binadamu wenyewe.

Kusikiliza hakuna madhara. Mgogoro uko kwenye kuita. Kitabu cha pili cha Liu kinaufananisha ulimwengu na msitu wenye giza, ambamo kila taifa ni mwindaji aliyejibanza, na anayewasha moto hujitangaza kwa wote. Wahenga walisema usiamshe aliyelala, utalala wewe.

Hofu hiyo haiko vitabuni tu. Mwaka 2010 mwanafizikia wa Uingereza, Stephen Hawking, alionya kwamba kukutana na wageni kutoka anga za mbali kunaweza kuwa kama ujio wa Columbus kwa wenyeji wa Amerika. Februari 2015 kundi la wanasayansi na watu wengine mashuhuri lilitoa tamko likitaka kuwe na mjadala wa dunia nzima kabla ya ujumbe wowote kutumwa.

Wanaopinga hofu hiyo husema taifa lenye uwezo wa kufika huku lingekuwa na uwezo wa kutugundua hata tukinyamaza. Wanaongeza kuwa umbali wenyewe ni ngao, kwani mwenye kuhitaji karne nne kufika hana haraka ya kushambulia.

Wakati mjadala ukiendelea, ujumbe umekwisha kutumwa. Mwaka 1974 antena ya Arecibo, Puerto Rico, ilituma picha ya biti 1,679 kuelekea kundi la nyota lililo umbali wa takriban miaka 25,000. Mwaka 2008 antena ya Yevpatoria, katika rasi ya Crimea, ilituma salamu kwa nyota ya Gliese 581, ambazo zinatarajiwa kufika mwaka 2029. Oktoba 2017 ujumbe mwingine ulielekezwa kwa nyota ya Luyten kutoka nchini Norway, na jibu, kama lipo, haliwezi kufika kabla ya mwaka 2042.

Mwongozo uliopo, ulioandaliwa mwaka 1989 na Chuo cha Kimataifa cha Elimu ya Anga na kurekebishwa mwaka 2010, unasema asijibu mtu yeyote wito kutoka nyota za mbali kabla ya mashauriano ya kimataifa. Mwongozo huo si sheria, na hauna adhabu kwa anayeukiuka.

Katika riwaya, Ye Wenjie anapokea onyo kutoka kwa msikilizaji mmoja wa Trisolaris mwenye huruma, anayemsihi asijibu ili sayari yake isijulikane ilipo. Yuko peke yake chumbani, na hakuna wa kumwuliza wala wa kumzuia. Anajibu.

Sofoni ni ya kubuni, na Jua haliwezi kuwa kipaza sauti. Lakini chumba kile, chenye mtambo mmoja, mtu mmoja na dunia nzima isiyoulizwa, ndicho sehemu ya hadithi ambayo sayansi haina cha kukirekebisha.